Mboga Nilizomwokea Theresia

Karatu, Jumatano, Julai 1984

Leo ukungu haukutaka kuondoka. Ulishuka alfajiri kutoka msitu wa Ngorongoro, ukalala juu ya mashamba ya ngano mpaka saa nane mchana, na jua lilipotokea lilikuwa jepesi, halipashi joto hata mgongo. Baridi ya Julai. Nimevaa makoti mawili, langu na la marehemu baba, na bado sijaweza kukaa mahali pamoja.

Tangu asubuhi nazunguka. Nimekaza bawaba ya mlango ambao haukuwa umelegea. Nimepasua kuni za kutosha wiki nzima. Nimekwenda zizini kutazama ng'ombe, nikarudi, nikaenda tena. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake akichambua maharage, akanitazama napita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Kesho Lohay anakuja.

Lohay ni kaka wa mke wangu. Anatoka Daa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, anakuja kumchukua Theresia ampeleke kwao. Theresia ndiye aliyeomba. Hakuniambia mimi. Alimwambia mama, na mama akaja kuniambia shambani, nimeshika jembe, kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia chumvi imekwisha.

Nyumbani tunaongea Kiiraqw. Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia shuleni. Na pia, nikisema kweli, kwa Kiswahili maneno hayanichomi sana. Leo nitajaribu kusema kweli.

Wiki tatu zilizopita Theresia alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia.

Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Mimi sikuwepo. Nilipofika nyumbani, mtoto alikuwa ameshazikwa nyuma ya nyumba na wanawake walioshiriki walikuwa wameshanawa mikono na kuondoka. Kwa wazee wetu, nyumba iliyopoteza kichanga hukaa peke yake kwa muda. Hakuna mgeni anayeingia, hakuna jirani anayekuja kuomba moto, na wewe huendi kwa mtu. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa, na katekista ametuambia si lazima, lakini mama yangu anaishika desturi hiyo vilevile, na majirani wanaishika kimyakimya. Wanatusalimia kutoka kwenye uzio, kisha wanaharakisha.

Wiki hizi tatu Theresia amelala chumba cha ndani, uso kaelekeza ukutani. Mama anapika kwake, analeta ugali na maharage, siku nyingine makande, siku nyingine uji wa maziwa. Sahani inarudi imemegwa kidogo pembeni, kama aliyekula ni ndege. Ananijibu ninapomsalimia. Nikimuuliza kama ana maumivu, anasema hapana. Mpaka jana alikuwa hajanilaumu hata siku moja, wala hajalia, tangu nifike. Nilikaa nikisubiri alie, au anifokee, au anirushie kitu. Hakuna.

Mimi ni mpishi. Nafanya kazi katika hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Nilianza kwa kuosha vyombo, miaka ile wageni walipokuwa wachache hata tunabaki kupika chakula chetu wenyewe. Mpishi mkuu, Mzee Shabani, mtu wa Tanga mwenye mikono mikubwa na hasira za ghafla, aliniona namenya viazi haraka akaniambia niache masufuria nije mezani. Mwaka huu wageni wameanza kurudi, na mimi sasa napika vyakula vya jioni peke yangu anapoumwa. Nyumbani wanajua kwamba mimi ni mpishi kama wanavyojua kwamba mtu fulani ni fundi wa magari. Wanapokea mshahara na kanga nikirudi likizo. Chakula changu hawakijui. Huku kwetu mwanamume haingii jikoni, basi nami nikifika nyumbani siingii.

Nimepika miaka sita, na mke wangu alikuwa hajawahi kula chakula changu.

Wazo hilo lilinijia leo saa tano asubuhi, nimesimama ghalani bila sababu, natazama boga moja kubwa lililokaa juu ya magunia. Nilijisikia aibu, kisha nikajisikia na haraka, kana kwamba kuna mtu ananiita. Kesho anaondoka. Nikasema, leo namlisha.

Nikatoka mbio kwenda madukani. Mafuta ya kupikia hayapo Karatu tangu mwezi uliopita. Sukari inakuja kwa zamu, na leo haikuwa zamu. Nikawa natembea huku nikipanga kichwani: bila mafuta siwezi kukaanga, bila nyanya siwezi kuunga mchuzi wa maana, na nyama kwa wiki hii haipo. Basi nitaoka. Nyumbani kuna samli ya mama, kuna viazi vitamu, kuna boga, kuna vitunguu tulivyoletewa kutoka Mang'ola, na kuna asali kwenye kibuyu, ile ya msituni, nyeusi kidogo na yenye harufu ya moshi. Mboga za kuoka, zenye utamu na chumvi pamoja. Ni chakula chepesi, hakichukui hata saa nzima. Kazi yote ni moto.

Kwa Bi Zuhura, mwenye duka la viungo karibu na msikiti, nilinunua pilipili manga iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, na kichwa kimoja cha kitunguu saumu. Yeye si wa kabila letu, na mambo ya kukaa peke yetu hayamhusu. Alinishika mkono.

"Pole, mwanangu. Mwenzio anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, Mama."

"Anakula?"

Nikainama kuhesabu sarafu. Akaingia ndani, akarudi na malimau mawili, akanitia mfukoni mwa koti la baba kabla sijasema kitu. "Mkamulie kwenye chochote atakachokula. Mdomo wa mwenye huzuni hausikii ladha, unataka kuamshwa."

Gengeni nikapata karoti sita na bilinganya mbili, nikarudi nyumbani nikikimbia na kutembea, kukimbia na kutembea, mpaka wanafunzi waliokuwa wanatoka shule wakanicheka.

Mama alinikuta jikoni nimevua koti moja, nimekunja mikono ya shati, nimepanga mboga juu ya ubao.

"Gabrieli. Unafanya nini jikoni kwangu?"

"Napika, Aayo." Ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu.

"Mimi mikono yangu imekatika?"

"Hapana, Aayo. Nataka kumpikia Theresia."

Akasimama mlangoni, kaziba mwanga wote. Mama yangu si mrefu, lakini akisimama mlangoni, mlango unakwisha. "Huko juu unawapikia wageni kwa mshahara, sawa, ni kazi. Hapa kwenu watu wakikuona watasemaje?"

"Watu hawaingii hapa siku hizi," nikamjibu.

Nilitaka kuyarudisha maneno hayo kabla hayajamfikia. Yalimfikia. Akashika mtungi wa maji akaondoka kwenda bombani, ingawa mtungi ulikuwa umejaa nusu.

Nikabaki na kisu.

Nitaandika nilivyofanya, kwa sababu saa ile ya kupika ndiyo peke yake leo ambayo mikono yangu ilijua inachofanya. Nilimenya boga, nikatoa mbegu. Nikamenya viazi vitamu, nikaparua karoti. Vyote nikavikata vipande vya ukubwa mmoja, kama kidole gumba cha mtu mzima, maana vikitofautiana kimoja kitaungua na kingine kitabaki kibichi katikati. Vitunguu nikavipasua robo robo bila kukata shina, ili visifumuke. Bilinganya nikazinyunyizia chumvi, nikaziacha zitoe maji machungu, nikazikamua. Vitunguu saumu nikaviacha na maganda yake.

Oveni hatuna. Nikachukua sufuria kubwa ya shughuli, ile ya kupikia pilau la harusi, nikaibandika juu ya jiko la mkaa lenye makaa machache, na makaa mengi nikayaweka juu ya mfuniko wake. Mtu yeyote aliyewahi kuoka keki nyumbani anaijua kazi hiyo. Samli nikaiyeyusha, nikazichanganya mboga kwa mkono, chumvi, pilipili manga, mpaka kila kipande kikawa kinang'aa. Nikamimina ndani. Zikalia kidogo. Nikafunika.

Nilikuwa najifuta samli mikononi nilipokumbuka.

Chakula hiki. Mara ya mwisho nilipopika chakula hiki ilikuwa siku ile.

Hii ndiyo sehemu ambayo mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu, hata padri. Siku ile, saa saba mchana, dereva wa lori la ngano alisimama mlango wa nyuma wa jiko la hoteli akaniita. Akasema ametumwa na mama: uchungu umeanza, mapema kuliko tulivyotazamia, na hali si nzuri. Akasema, "Saa kumi nateremka Karatu. Nikukute barabarani."

Mzee Shabani alikuwa kitandani na malaria. Jioni ile tulikuwa na kundi la wageni zaidi ya ishirini, na baadhi yao hawali nyama. Nilikuwa nimeshapanga kichwani nitakachowapa: mboga za kuoka kwa asali, juu yake maziwa mazito na majani ya giligilani. Lilikuwa wazo langu mwenyewe. Mzee Shabani hakuwahi kulifanya.

Hakuna aliyenizuia. Hilo ndilo nataka kuliandika wazi. Ningemwambia meneja, angeniruhusu. Alikuwa na watoto wanne yeye mwenyewe. Wasaidizi wangeweza kuwapa wageni supu na mkate. Saa kumi nilisikia honi ya lori barabarani. Ilipigwa mara tatu. Nilikuwa nimeshika kijiko cha asali. Nikajisemea kwamba wanawake wa mimba ya kwanza huchukua muda mrefu, kwamba mama yupo, kwamba kesho asubuhi kutakuwa na gari jingine.

Honi ikanyamaza.

Jioni ile wageni walikula mpaka wakafuta sahani kwa mkate. Wakaniita ukumbini. Wakanipigia makofi. Nilisimama pale na aproni yangu, nikatabasamu, nikainama. Nilifurahi. Mungu anisamehe, saa ile nilifurahi kuliko siku yoyote tangu nianze kazi.

Nilipofika nyumbani kesho yake nilisema hapakuwa na gari la kuteremka.

Basi leo nilisimama jikoni kwa mama, sufuria inanukia, na nikataka kulibeba jungu zima nikawamwagie mbuzi. Nilitoka nje, nikaingia. Nilifunua mfuniko, nikafunika. Nikafunua tena. Mzee Shabani angenipiga mwiko, maana kila ukifunua unatoa joto na mboga zinaanza kuchemka badala ya kuoka. Nikamimina asali mapema kwa ule wasiwasi wangu, kabla ya wakati wake, na asali ikishika moto mapema inaungua. Niliposikia harufu imegeuka nikatoa makaa haraka kwa mikono mitupu. Vidole viwili vimeungua, ndiyo maana mwandiko wangu leo ni mbaya.

Hazikuharibika. Kingo zilikuwa nyeusi, viazi vimekauka nje na ndani ni laini, boga limeanza kuyeyuka, vitunguu vimekuwa vya rangi ya shaba. Nikakamulia limau. Nikaonja. Chumvi ilitangulia, kisha utamu, kisha ule uchungu mdogo wa kuungua, kisha limau. Kilikuwa kizuri kuliko kile cha wageni. Hilo nalo liliniumiza.

Mama alikuwa amesharudi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, mtungi pembeni, ananitazama.

"Kinanukia kama chai," akasema. "Na umetia chumvi. Nimekuona. Chakula gani hicho, kitamu kama chai na kina chumvi kama mboga?"

"Ndivyo kilivyo, Aayo."

"Mpelekee kabla hakijapoa," akasema, akageuza uso.

Nilipakua kwenye sahani ya bati yenye maua, nikaweka maharage ya mama pembeni na kikombe cha maziwa. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nikaingia chumbani.

Theresia alikuwa amekaa. Hilo lenyewe lilinishtua. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye kitenge, bunda kubwa, limewekwa miguuni pa kitanda. Alitazama sahani, kisha akanitazama usoni.

"Nani amepika?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Akapokea. Akachukua kipande cha boga kwa vidole, akakitazama pande zote, akakitia mdomoni. Akatafuna polepole. Akachukua kiazi. Akachukua kitunguu. Nilisimama pale kama mwanafunzi anayesubiri mwalimu amalize kusahihisha. Akala karoti. Akanywa maziwa. Alikula bila kunitazama mpaka nusu ya sahani ikaonekana chini, na mimi nikaanza kupumua.

Halafu akauliza, bila kuinua kichwa:

"Siku ile ulikuwa unapika nini?"

Hakukuwa na ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Ningeweza kusema sikumbuki. Ningeweza kusema supu. Nilikuwa na neno "supu" tayari kwenye ulimi, nalikumbuka uzito wake. Lakini alikuwa na asali kwenye pembe ya mdomo, na mkono wake ulikuwa umekonda mpaka pete inazunguka, na kesho anaondoka.

"Hiki," nikasema. "Nilikuwa napika hiki hiki."

Akaacha kutafuna.

Nikamwambia yote. Nilikaa sakafuni. Nikamwambia kuhusu dereva wa lori, na saa saba, na saa kumi, na honi mara tatu. Nikamwambia kwamba gari lilikuwepo. Nikamwambia kuhusu makofi. Hilo la makofi nilifikiri nitaliruka, nikajikuta nimeshalisema, na kwamba nilifurahi, nalo nikalisema. Sikuomba msamaha. Nilijua nikiomba pale nitakuwa namtaka anipe kitu kingine tena.

Nje mbuzi walikuwa wanaingia bandani wenyewe.

Kisha Theresia akaweka sahani chini, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia. Wiki tatu, na ndiyo mara ya kwanza namsikia. Alilia kwa sauti ya chini, ya kifuani, bega likitikisika. Sikumgusa. Sikujua kama nina ruhusa.

Alipotulia alijifuta kwa kanga, akasema:

"Nilikuwa nakuita. Mama yako alikuwa ananiambia, nyamaza, anakuja, gari liko njiani. Nami nikawa nasikiliza barabara. Kila lori lililopita nikasema ndilo."

Nikaisogeza sahani mbali na mguu wake.

"Hujawahi kuuliza alikuwaje," akasema.

"Nani?"

"Mwanao. Wiki tatu hizi. Umeniuliza kama nina maumivu. Umeniuliza kama nina baridi. Yeye hujamuuliza."

Ni kweli. Sikuuliza. Nilifikiri kuuliza kutamchubua. Sasa nikiandika naona kwamba nilikuwa najilinda mwenyewe, kwa sababu ambaye hukumwona huna wa kumlilia.

"Alikuwaje?" nikamuuliza.

Akaanza kwa shida, neno moja moja, kama anayetoa vitu kwenye sanduku lililofungwa. Alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimelala juu ya kipaji. Alikuwa na sikio moja lililojikunja kidogo juu. Alikuwa mzito kuliko Theresia alivyotarajia. Alimshika mapajani na mapaja yakasikia uzito. Mdomo wake ulikuwa umefungwa vizuri, kama mtu aliyekataa kitu.

"Vidole vilikuwa virefu," sauti ikasema nyuma yangu.

Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Sijui alianza kusikia wapi. Nadhani alisikia yote, na lori pia, kwa sababu hakunitazama kabisa, wala hajanitazama mpaka sasa. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajaingia chumba kile. Sahani alikuwa akiiweka mlangoni. Leo akavuka. Akaketi kitandani kando ya Theresia, kiatu chake chenye matope juu ya mkeka.

"Mimi ndiye niliyemwosha," akasema. "Vidole virefu kama vya baba yako, Gabrieli. Nilivinyoosha kimoja kimoja."

Halafu akainama, akachukua ile sahani sakafuni, akachagua kipande cha kitunguu kilichoungua pembeni, akala. Akatafuna kwa muda mrefu kama mtu anayefikiria jibu. Akampa Theresia sahani. "Malizia, mwanangu. Kesho una safari."

Theresia akamalizia. Alikula mpaka akapitisha kidole chini ya sahani. Wakakaa pale wawili, wakazungumza juu ya mtoto, mimi nikiwa sakafuni nasikiliza: alifungwa katika kanga gani, alielekezwa upande gani, nani alichimba. Mimi nikauliza maswali. Kila nililouliza walinijibu. Kwa mara ya kwanza nikaanza kumwona, na nilipomwona nikalia mimi, vibaya, kwa sauti, wala hakuna aliyeninyamazisha.

Kama hadithi hii ingekuwa ya kutungwa ningeandika kwamba alifungua bunda lake akazirudisha nguo mahali pake. Hakufungua.

"Kesho nakwenda," alisema, mama alipotoka kwenda kufunga banda.

"Kwa muda gani?"

"Usiniulize muda."

"Umenisamehe?"

Liliponyoka. Alinitazama, na nilimwona akitafuta jibu la kweli kama mimi nilivyolitafuta kabla yake.

"Sijui. Nimekuwa na hasira na ukuta huu wiki tatu. Sasa angalau najua hasira ni ya nani."

Nikakubali kwa kichwa. Baada ya muda nikauliza kama naweza kumsindikiza. Akatazama bunda, akatazama vidole vyangu vilivyovimba, akainyoosha kanga magotini.

"Lohay mguu wake haujapona tangu alipoanguka na baiskeli," akasema. "Na mzigo ni mzito."

Sasa ni saa mbili. Theresia amelala, na amelala amenigeuzia uso, si mgongo. Najua si kitu cha kujivunia. Huenda ni upande tu alioangukia usingizi. Vidole vinawaka. Nimeosha ile sufuria kwa majivu mara mbili na asali bado imeshika chini, na nimesimama na kuketi mara tano tangu nianze ukurasa huu. Jumatatu natakiwa kazini, na sijui kama nitaweza kusimama tena mbele ya lile jiko, au kama nitasimama na kupika vizuri tu kama kawaida, jambo ambalo linanitisha zaidi.

Ukungu umerudi, hata taa ya jirani haionekani. Alfajiri nitachemsha uji kabla mama hajaamka. Lohay akifika nitamsalimia, nitajitwika lile bunda, nitatembea nyuma yao. Sitauliza tumefika wapi. Nitabeba mpaka Theresia mwenyewe aniambie nitue.